Resi Yako ya Chuma Haishiki Breki? Hivi Ndivyo Unachagua Mpya Bila Kumwaga Doh Bure

Umepata resi ya chuma ya kitambo. Fremu nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, rangi imepauka kiasi lakini swag bado iko. Inateleza fiti kabisa, hadi siku unashuka kutoka Westlands kuelekea Museum Hill, mathree inasimama ghafla mbele yako kubeba mtu, na ukifinya breki unasikia tu kelele. Spidi haishuki.

Wasee wengi hapo hukimbilia kununua breki yoyote mpya yenye inang'aa. Halafu fundi akijaribu kuifunga, haiingii. Ama inaingia lakini raba zinashika tairi badala ya rimu. Doh imeenda, na shida bado iko palepale.

Shikilia jambo moja kabla ya yote: breki ya resi ya zamani inachaguliwa na rula, si jina la kampuni. Kuna namba moja na bolti moja vinavyoamua ni breki gani itakaa kwa fremu yako. Ukivijua hivyo viwili, hata muuzaji akupige story ya aina gani, hakudanganyi.

Kwanza, jua uko na breki gani

Cheki baiskeli yako kutoka mbele. Hizi ndizo aina utakutana nazo.

Ya kwanza ni kalipa ya kuvutwa kando. Waya unashukia upande mmoja, na mikono miwili ya breki inazunguka kwenye bolti moja ya katikati. Hii ndiyo iko kwa resi nyingi za miaka ya 1970 na 1980.

Ya pili ni kalipa ya kuvutwa katikati. Waya unashuka katikati, unashika kawaya kengine kafupi kanachounganisha mikono yote miwili, kama kamba ya upinde. Weinmann na Mafac ya Ufaransa zilitengeneza mob za aina hii. Peugeot nyingi za zamani zilikuja na Mafac. Usiitupe haraka. Ikiwekwa raba mpya na waya mpya, inaweza kushika poa sana.

Ya tatu ni kalipa ya pivoti mbili. Kila mkono una mahali pake pa kuzungukia. Shimano ilianza kuisambaza kwa resi karibu 1990, na hadi leo ndiyo breki ya kawaida ya resi zisizo na diski. Inahitaji nguvu kidogo ya vidole kuliko ile ya kuvutwa kando ya zamani, na haiendi upande mmoja ovyo ovyo. Kama unabadilisha kalipa nzima, hii ndiyo unatafuta.

Kama baiskeli yako ni ile Black Mamba yenye vyuma virefu badala ya waya, hiyo ni story ingine. Breki zake huvuta raba juu zishike upande wa ndani wa rimu, na kalipa ya resi haiwezi kufanya kazi hapo kwa sababu rimu yenyewe imeundwa tofauti.

Na wazo la kuweka V-breki ama diski? Wachana nalo. V-breki zinahitaji vishikio viwili vilivyochomelewa kwa foku na kwa fremu. Diski inahitaji kishikio chake, tena foku iliyotengenezwa kubeba nguvu hiyo. Chuma cha resi ya zamani ni chembamba. Ukimpelekea fundi wa welding aongeze vitu, moto unaweza kudhoofisha hapo hapo penye unategemea isivunjike.

Namba: richi

Mafundi na watengenezaji huita hii namba richi. Ni umbali kutoka katikati ya tundu la bolti ya breki hadi katikati ya pale raba inashika rimu. Breki ikiwa na richi fupi kuliko unayohitaji, raba zitakaa juu sana na kula tairi. Tairi ikipasuka ukiwa kwa spidi, hiyo ni balaa. Ikiwa na richi ndefu sana, raba zitakaa chini na zinaweza kuponyoka kwa rimu zikaingia kwa spoku. Hiyo nayo ni mbaya zaidi.

Kupima ni rahisi:

1. Hakikisha gurudumu limekaa sawa katikati na nati zake zimekazwa.
2. Toa breki ya zamani, ama pima kando yake kama bolti inaonekana vizuri.
3. Weka rula, sifuri ikiwa katikati ya tundu.
4. Soma milimita hadi katikati ya ule ukuta wa rimu wenye raba hushika.
5. Rudia nyuma. Usidhani nyuma na mbele ni sawa. Kwa fremu za zamani mara nyingi nyuma huwa ndefu kidogo.

Kwa nyuma kuna kitu kingine cha kuangalia. Fremu nyingi za kitambo zina mifereji mirefu ambapo gurudumu linaweza kusogezwa mbele ama nyuma. Ukilisogeza, namba inabadilika kiasi. Kwa hivyo pima likiwa mahali utaliacha.

Sasa linganisha na saizi hizi tatu:

- Milimita 39 hadi 49: breki fupi, ndizo za resi za kisasa. Ndizo utapata kwa wingi, na ndizo mara nyingi hazitoshei fremu ya zamani.
- Milimita 47 hadi 57: za kati. Resi nyingi za chuma zinaangukia hapa. Mfano ni Tektro R539.
- Milimita 55 hadi 73: ndefu. Hizi ni za fremu zenye nafasi kubwa ya tairi nono ama madigadi. Mfano ni Tektro R559.

Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua fupi yenye bado inafika bila kulazimisha. Mkono wa breki ukiwa mrefu, nguvu inayofika kwa rimu inapungua. Ni hesabu ya mtaimbo tu.

Magurudumu: 27 ama 700C?

Hapa ndio wengi huchanganyikiwa. Resi nyingi za zamani za Uingereza zilikuja na magurudumu ya inchi 27. Za kisasa hutumia 700C. Ukiangalia kwa macho zinafanana, lakini si moja, na tairi zake haziingiliani. Soma ubavu wa tairi. Ukiona namba inaisha na 630, kama 32-630, hiyo ni inchi 27. Ikiisha na 622, kama 28-622, hiyo ni 700C.

Tofauti ni milimita 8 kwa kipenyo, yaani 4 kila upande. Kwa hivyo ukitoa gurudumu la inchi 27 na kuweka 700C, rimu inaenda mbali na breki kwa milimita 4. Tuseme umepima 50 mbele na 54 nyuma ukiwa na inchi 27. Ukihamia 700C, unakuwa na 54 mbele na 58 nyuma. Mbele bado uko ndani ya 47 hadi 57. Nyuma umetoka nje kwa milimita moja, na hiyo moja inatosha kuharibu hesabu. Utahitaji ya kati mbele na ndefu nyuma. Hakuna sheria inasema lazima zifanane.

Somo ni hili: kama una plan ya kubadilisha magurudumu, yabadilishe kwanza, kisha upime, ndio ununue breki.

Bolti: ya nati ama ya kuzama?

Geuza macho nyuma ya foku, pale breki ya mbele inatokea. Ukiona bolti imetokeza na nati ya kawaida ya kufungwa na spana, hiyo ni aina ya nati. Ndiyo iko kwa fremu nyingi za zamani. Ukiona shimo lenye nati ndefu kama bomba dogo imezama ndani, inayofungwa na ufunguo wa Allen, hiyo ni ya kuzama, ndiyo ya kisasa.

Bolti zenyewe zina unene wa milimita 6. Lakini ile nati ya kuzama inahitaji shimo la milimita 8 upande wa nyuma wa foku, na kwa fremu ya zamani hilo shimo halipo. Uko na njia tatu:

- Tafuta kalipa ya aina ya nati. Bado zinatengenezwa. Ile Tektro R559 kwa mfano hupatikana hivyo. Hii ndiyo njia safi zaidi.
- Kwa breki ya nyuma, tumia kalipa ya mbele ya kisasa. Ya mbele huja na bolti ndefu, kwa hivyo ukiipitisha kwa kile kidaraja cha nyuma unaweza kuifunga na nati ya kawaida. Tumia washa yenye upande uliopinda ili ikae vizuri kwa chuma cha duara, na nati ya kujikaza yenye nailoni ndani.
- Kwa foku, fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kupanua shimo la nyuma pekee hadi milimita 8. La mbele linabaki 6. Akipanua yote mawili, breki itacheza na foku umeiharibu. Kama fundi hakuelewi unapomwambia hivyo, toka hapo na baiskeli yako.

Leva nazo lazima ziongee lugha moja na kalipa

Kuna mtindo mtaani wa kutoa usukani wa pembe na kuweka ulionyooka. Iko sawa, ni comfortable kwa trafiki. Shida ni leva zinazokuja nao. Nyingi ni za mountain bike zenye V-breki, na hizo huvuta waya mrefu kwa nguvu kidogo. Kalipa ya resi inataka kinyume: waya mfupi, nguvu nyingi. Ukizichanganya, leva itakuwa ngumu kama jiwe mkononi lakini baiskeli haisimami. Unaweza kulaumu kalipa mpya mwezi mzima na kosa ni leva. Ukinunua leva za usukani ulionyooka, uliza zile za kalipa ama kantileva. Leva zingine zina mahali pa kubadilisha kati ya hizo mbili.

Ukibaki na leva zako za zamani za pembe, kalipa ya pivoti mbili itafanya kazi nazo bila noma. Cheki tu kama leva imepinda, kama pini yake inacheza, na kama imekazwa kwa usukani.

Resi kadhaa za miaka ya 1970 zina leva za ziada zinazopita chini ya sehemu ya juu ya usukani. Zinaonekana kama msaada, lakini nyingi hupinda ukizivuta na hugonga usukani kabla breki ishike vizuri. Zitoe.

Kitu kingine kwa mitumba: baiskeli ya Uingereza kawaida ina breki ya mbele mkono wa kulia. Ikitoka bara Ulaya ama Marekani, mara nyingi ya mbele iko kushoto. Kabla uingie barabarani, jua ni gani. Ukiazima msee baiskeli, mwambie.

Rimu: fanya test ya sumaku

Chukua sumaku yoyote, hata ya spika iliyokufa. Ikishika rimu, hiyo ni chuma. Isiposhika, ni aluminiamu.

Hii ni muhimu kuliko unavyodhani. Rimu za chuma zenye kromu ni laini kama kioo, na zikilowa, raba za kawaida huteleza tu juu yake. Siku ya jua ziko sawa. Mvua ya Aprili ikinyesha, unafinya breki na baiskeli inaendelea na safari yake. Hakuna kalipa ya bei gani itakuokoa hapo. Kama bado uko na rimu za chuma, doh yako ya kwanza iende kwa magurudumu ya aluminiamu, hasa la mbele. Kama hiyo doh haipo, tafuta raba zilizoandikwa ni za rimu za chuma, na mvua ikianza shuka utembee kwa mteremko. Si uoga, ni akili.

Kwa aluminiamu, pitisha kidole kwa ukuta wa rimu. Ukisikia umebonyea ndani kama bakuli, umelika. Ukiona ufa, hilo gurudumu halina tena kazi barabarani.

Kama mfuko umekauka, anza hivi

Si kila breki mbaya inahitaji kalipa mpya. Fuata huu mpango, na usimame pale breki inakuwa fiti:

1. Safisha rimu. Maji na sabuni, kausha, kisha futa na kitambaa chenye spiriti. Mafuta ya cheni yakirukia rimu, breki imeisha.
2. Badilisha raba. Raba ya miaka mingi inakauka na kuwa ngumu kama plastiki. Ikiwa kucha haiachi hata alama, tupa. Hii ndiyo doh kidogo yenye inaleta tofauti kubwa zaidi.
3. Badilisha waya na kava. Waya wenye kutu ndani ya kava iliyovunjika hukula nguvu yako kabla ifike chini.
4. Kalipa ya mbele. Ukifinya breki, uzito wote unakimbilia mbele, ndio maana gurudumu la mbele hufanya kazi kubwa ya kukusimamisha na la nyuma huanza kuserereka. Kama una doh ya kalipa moja tu, iweke mbele.
5. Kalipa ya nyuma. Hii ingoje.

Kwa waya, usikubali kubadilishiwa. Waya wa breki ni mnene, karibu milimita 1.5 ama 1.6. Wa gia ni mwembamba, karibu 1.1 ama 1.2. Kava zake pia ni tofauti. Ya breki ina chuma kilichozungushwa kama springi, ya gia ina vyuma vilivyonyooka kwa urefu. Ukiweka kava ya gia kwa breki, inaweza kupasuka siku utafinya kwa nguvu zote, yaani siku ile hasa unaihitaji. Pia cheki kichwa cha waya. Cha leva za resi kina umbo la peasi, cha mountain bike ni kama pipa dogo. Chukua kinachokaa vizuri ndani ya leva yako bila kulazimishwa.

Ukinunua kalipa ya mitumba

Si vibaya, breki nzuri ya zamani inadumu. Lakini kabla utoe doh:

- Finya na uachilie. Irudi yenyewe haraka. Ikirudi kama imechoka, springi imekufa ama pivoti imejaa kutu.
- Shika mikono yake uitikise mbele na nyuma. Ikicheza sana, hata raba mpya zitatetemeka.
- Angalia bolti inayobana waya. Nyuzi zikiwa zimelika, waya utaponyoka.
- Beba rula yako. Pima kutoka katikati ya bolti hadi mwanzo na mwisho wa ule mfereji wa raba. Hapo unapata richi yake bila kuuliza mtu.

Baada ya kufunga, usiruke barabarani

Raba zikae katikati ya ukuta wa rimu, zisiguse tairi na zisining'inie chini. Ncha ya mbele ya raba iguse rimu kwanza kidogo tu, ndio isipige kelele. Kama raba zako zinaingizwa kwa kishikio chenye upande mmoja wazi, upande uliofungwa uangalie mbele. Ukigeuza, gurudumu litavuta raba nje.

Sasa finya kila leva mara kumi kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama. Waya usiteleze, na leva isifike kwa usukani. Kisha shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linafaa kuinuka. Itikise mbele na nyuma ukiwa umeshika hiyo breki. Ukisikia kugonga pale usukani unaingia kwa fremu, hizo ni beringi zimelegea, zikazwe kwanza.

Zunguka polepole kwa ploti ama uwanja. Zoea kusukuma mwili nyuma kidogo ukifinya ya mbele, juu breki mpya ina makali kuliko ile ulikuwa umezoea, na ukiifinya kama ya zamani inaweza kukutupa. Baada ya siku mbili tatu kaza waya tena, kwa sababu waya mpya hulegea.

Ukienda kununua, beba karatasi yenye vitu vitano: richi ya mbele, richi ya nyuma, aina ya bolti, saizi ya gurudumu, na aina ya leva. Muuzaji akikuambia "hii inaingia kwa baiskeli zote," mwonyeshe hiyo karatasi na utoe rula.